Msumeno Unaokubali Tupa: Hotuba kwa Mafundi Seremala Wapya, Chake Chake

Assalaam alaykum.

Walimu, wazee mliokuja kuwaona vijana wenu, na nyinyi mafundi wapya wa kike na wa kiume mnaomaliza mafunzo leo hapa Chake Chake: hongereni sana. Walionialika walitaka nizungumze juu ya zana za seremala kwa jumla. Niliwaomba waniachie zana moja tu, msumeno wa mkono, tena ule wa kuungia, yaani wa kukatia ndimi zinazoingia kwenye matundu, mabega yaliyo kando ya ndimi hizo, na mikia ya njiwa, yale meno yaliyopanuka yanayounga pembe za droo na sanduku. Wengi wenu mtatoka hapa na akiba ndogo, na katika zana zote msumeno ndio unaoila akiba hiyo bila kurudisha kitu. Randa ya zamani yenye feleji nzuri itakufaa miaka. Patasi ikivunjika ncha utaisaga, itarudi kazini. Lakini nawaona vijana wananunua msumeno, unawafaa muda mfupi, wanautupa, wananunua mwingine wa aina ile ile, na viungo vyao vinabaki na nafasi zile zile za kujazwa unga wa mbao na gundi.

Neno langu kwenu ni hili: nunueni msumeno unaokubali tupa, na tupa yenyewe muinunue kabla ya msumeno.

Najua mna swali. Umeme upo, mashine zipo, msumeno wa mkono wa nini tena? Ni kweli, tangu waya wa umeme uliopita chini ya bahari kutoka Tanga ufike Pemba mwaka 2010, karakana zetu zimebadilika. Mashine ya kupasulia inamaliza mbao kumi wakati mimi bado niko kwenye ya kwanza, na sina ugomvi nayo. Lakini mguu wa fremu ya mlango ukioza kwa chini, nyumba huwezi kuipeleka kwenye mashine. Unapiga magoti pale pale, unakata ulimi mpya, unaunga. Mji Mkongwe wa Unguja umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na ile milango yake mikubwa iliyochongwa imeungwa kwa ndimi na matundu. Anayeitengeneza bila kuiharibu anahitaji mkono uliozoea msumeno mwembamba. Na kwa kijana anayeanza bila mtaji, hesabu ni nyepesi zaidi: mashine ya mezani ni deni kabla hujapata mteja, msumeno mmoja mzuri unaunga kitanda kizima kuanzia leo.

Tuanze na kazi yenyewe, maana anayenunua zana kabla ya kuijua kazi humsikiliza muuzaji.

Chukueni ulimi wa kawaida wa fremu ya mlango, mbao ya mninga yenye unene wa inchi 2. Umeshapiga guni kupata pembe mraba, umeshapitisha mahati ya kuchorea mistari sambamba na ukingo, mistari yako imekaa. Hapo mbele yako kuna mikato ya namna mbili. Mbavu za ulimi, zile pande mbili pana, unashuka nazo kufuata nyuzi za mbao. Huko ni kupasua. Mabega unayakata kwa kuvuka nyuzi. Sasa pimeni jasho. Ubavu unashuka inchi 3, pengine 4, na upana wake ni upana wote wa mbao. Bega kina chake ni nusu inchi tu. Kwa hiyo kazi kubwa ya ulimi ni kupasua, na ubavu ukipinda ndipo kiungo kinapocheza ndani ya tundu lake. Mkia wa njiwa ni hivyo hivyo: ukitoa yale mabega mawili madogo ya pembeni, mikato yote ya msumeno inafuata nyuzi.

Sasa ingieni dukani. Misumeno mingi iliyotundikwa ukutani imenolewa kwa kukata, yaani kuvuka nyuzi. Geuzeni meno juu, muyasogeze kwenye mwanga wa mlangoni. Mtaona uso wa jino umepigwa tupa mshazari, ncha yake kali iko upande mmoja, na jino linalofuata ncha yake iko upande wa pili. Ncha hizo huchana nyuzi kwa mistari miwili, na kilicho katikati hutoka kikiwa unga. Kwenye bega kazi yake ni safi. Upelekeni kwenye ubavu wa ulimi, hauna cha kuchana. Unasugua. Mkono unachoka, fundi anaanza kukandamiza, bamba linapinda, mstari umepotea. Msumeno wa kupasulia ni tofauti: tupa imevuka bamba kwa pembe mraba, uso wa mbele wa jino umesimama karibu wima, na ncha ni bapa mfano wa patasi ndogo. Kila jino linachonga kipande chake na kwenda nacho.

Kijana akikosa mstari huambiwa mkono wake mbaya. Mimi nasema kabla ya kuulaumu mkono, tazameni alichoshika. Mara nyingi amepewa msumeno wa kukata, akaambiwa apasue.

Nije kwenye ule msumeno mnaoujua nyote. Mpini wa plastiki, bamba linang'aa, na meno yake ncha ni nyeusi inayoelekea buluu. Weusi ule ni alama ya moto. Kiwandani meno hupitishwa kwenye joto la umeme kwa nukta chache, yakapoa ghafla, yakawa magumu kuliko bamba lenyewe. Faida yake ni ya kweli: yanakaa na makali muda mrefu, na ukitaka kukata mbao za kuezekea au mbao za sanduku la zege, ununue bila wasiwasi. Wangu upo karakanani na unafanya kazi kila siku. Hasara yake ni kwamba ukiwa butu, umekwisha. Pitisha tupa kwenye meno hayo, tupa inateleza kama juu ya kioo, na ukilazimisha unaiua tupa. Hapa kwetu unakwisha haraka kuliko wanavyofikiri walioutengeneza, kwa sababu ya mbao zetu. Mtiki una mchanga laini ndani ya nyuzi zake, unakula makali. Mvule wakati mwingine unaficha mawe madogo meupe ambayo jino likikutana nayo linasikika. Na mnazi, ambao sisi watu wa visiwa hatuwezi kuukwepa, gamba lake la nje ni gumu na linabutua chuma kuliko mbao nyingi za bei kubwa.

Tena si ugumu wa meno peke yake. Msumeno ule kwa kawaida una meno 7 au 8 kwa inchi, mapana mno kwa droo yenye ubao wa nusu inchi. Meno yake yamepindwa sana kulia na kushoto ili upite upesi kwenye mbao mbichi, kwa hiyo njia unayoiacha ni pana na bamba linacheza ndani yake. Na hauna mgongo. Bamba refu lisilo na mgongo likisukumwa na mkono ambao bado haujatulia, linakwenda linakotaka.

Basi tununue nini? Mtu mwenye fedha kidogo namwambia misumeno miwili inatosha kwa miaka yake ya mwanzo, na wa kuungia katika hiyo ni mmoja. Mmoja ni wa kukatia mbao ndefu kwa saizi, na huo hata uwe wa meno meusi sawa. Wa pili ndio wa kuuhangaikia: msumeno wa mgongo, wenye kipande cha chuma au shaba kilichokunjwa kikalibana bamba kwa juu, urefu wa inchi 10 hadi 12, meno 12 hadi 14 kwa inchi, na meno hayo yanolewe kwa kupasua.

Vitabu na wauzaji watakwambia unahitaji mitatu ya mgongo: mkubwa wa ndimi, wa kati wa mabega, mdogo wa mikia ya njiwa. Mwenye uwezo na anunue. Lakini fahamuni kwamba meno yakiwa madogo kiasi hiki, tofauti ya kupasua na kukata inapungua sana. Msumeno wa meno 13 ulionolewa kwa kupasua utakata bega na kuliacha safi, mradi umetangulia kuuchora mstari wa bega kwa kisu badala ya penseli. Kisu kinakata nyuzi za juu, msumeno unafuata kando ya mfereji ule bila kurarua. Kinyume chake hakiwezekani: msumeno wa kukata hautapasua vizuri hata ungeuchorea nini. Ndiyo maana ukiwa na mmoja tu, uwe wa kupasua.

Kuna mtu atauliza, meno madogo hivyo kwenye ubavu wa inchi 4 si yatachelewa? Yatachelewa kidogo, kwa sababu meno mengi yanakuwa ndani ya mbao kwa pamoja na nafasi za katikati zinajaa unga. Dawa yake ni kutokata ubavu wote sawasawa. Funga mbao kwenye jiriwa, kibanio cha mezani, ikiwa imelala mshazari, anza kwenye pembe, shuka na mistari miwili unayoiona, ule wa juu na ule wa upande wako. Geuza mbao, fanya hivyo upande wa pili. Sasa isimamishe wima umalizie kilichobaki katikati. Msumeno unaongozwa na njia mbili ulizokwisha kukata, hauna pa kupotelea.

Msumeno wa mgongo mpya wa daraja la juu kutoka Ulaya au Marekani bei yake ni ya kutisha, na wala sikushaurini muukimbilie. Mlango wetu ni mtumba. Katika vyombo vya nyumbani vinavyoshushwa kutoka nje, kwa wauza vyuma chakavu, na kwenye masanduku ya mafundi wazee walioacha kazi, misumeno ya zamani ipo. Wengi wanaipita kwa sababu ina kutu. Mkiona bamba lenye chapa ya Sheffield ya Uingereza, au jina Disston la Philadelphia, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1840, au Sandvik ya Uswidi, simameni mtazame. Feleji ya zamani ya majina hayo inakubali tupa na inashika makali. Lakini jina peke yake lisikununulisheni, maana jina huhama kutoka kiwanda hadi kiwanda. Kinachonunuliwa ni bamba.

Nitawaonyesha ninavyoukagua. Kwanza nauelekeza meno juu, nafumba jicho moja, natazama kutoka kwenye mpini hadi nchani kama mtu alengaye. Mstari wa meno unatakiwa unyooke. Ukiona umepinda polepole kama upinde, huenda mgongo umeteleza tu: upande mmoja umeshuka zaidi ya mwingine na unalivuta bamba. Hilo linarekebishika kwa kuugonga mgongo taratibu kwa nyundo ya mbao hadi bamba linyooke. Lakini ukiona kikunjo kikali mahali pamoja, kona kabisa, uache. Pili, kutu. Kutu ya juu ya rangi ya kahawia inatoka kwa msasa mgumu na mafuta. Kutu iliyochimba vishimo ndiyo hatari, na vishimo hivyo vikiwa karibu na meno, jino litakatika siku ya kwanza utakapolipinda. Kidole kinavigundua kabla ya jicho, kwa hiyo papasa. Tatu, urefu wa bamba chini ya mgongo. Msumeno ulionolewa miaka mingi unakuwa mwembamba, na ukibaki na inchi moja tu chini ya mgongo hautaweza kushuka ubavu wa ulimi. Nne, pembe ya tupa ya zamani: isugue kidogo kwenye jino la mwisho karibu na mpini. Ikishika na kuacha mng'aro, huo ndio msumeno wako. Ikiteleza, mrudishie mwenyewe.

Meno yaliyovunjika mawili matatu yasikutishe, wala butu. Butu ndiyo inayoshusha bei, na butu sisi tunaiondoa.

Mpini nao muutazame, na hapa nasema na mabinti zangu hasa. Mipini mingi imetengenezwa kwa mkono mkubwa. Mpini wa msumeno unashikwa kwa vidole vitatu, kidole cha shahada kinanyooka kando kuelekeza. Ukiwa mnene mno kwa kiganja chako utaubana kwa nguvu, na mkono uliobana hauendi sawa. Mpini wa mbao hauogopwi: chukua tupa mviringo na msasa, upunguze hadi ukae. Skrubu zake zikilegea, zikaze. Mpini uliooza, kata mwingine kwa mfenesi au mninga. Hiyo ni kazi ya siku moja kwa mtu aliyemaliza mafunzo haya.

Wapo wanaoniuliza misumeno ya Kijapani, ile inayokata ikivutwa. Ni mizuri sana. Bamba linaweza kuwa jembamba kwa sababu likivutwa haliwezi kujikunja, na njia yake ni nyembamba mno. Lakini meno yake marefu membamba yamefikiriwa kwa mbao laini, na kwenye mkongo au mnazi mkavu yanakatika kwa mkono usiozoea. Mingi ya bei nafuu pia ni ya meno yaliyochomwa, hainolewi, unabadilisha bamba. Kabla hujaununua, uliza bamba la kubadilisha utalipata wapi na kwa bei gani. Jibu lisipokuwepo dukani humo, weka fedha zako.

Na yule ambaye hata wa mtumba hana fedha yake? Huyo nataka nikae naye kidogo, kwa sababu ndiye aliyenifanya nikubali kusimama hapa. Msumeno wa chuma, ule wa kukatia nondo, kijembe chake kina urefu wa inchi 12 na kwa kawaida meno 18, 24 au 32 kwa inchi. Chukua cha meno 18. Kitie kwenye mpini wa mbao wenye mgongo mwembamba uliochanwa ukakibana. Kitakata mikia ya njiwa kwenye ubao wa nusu inchi, polepole, lakini kwa njia nyembamba na iliyonyooka. Kinajaa unga, basi kikung'ute kila baada ya mikato michache. Kwa droo na visanduku vya bidhaa za watalii kinatosha kabisa kukuingizia fedha ya msumeno wa kweli.

Njia nyingine ni ya vipande vya bamba la mashine ya mkanda. Bamba likikatika, wenye viwanda vya kupasulia mara nyingi huliweka pembeni. Omba kipande cha chembamba, cha mkono mmoja na nusu. Tengeneza fremu ya miti mitatu, wa katikati ukivuka, bamba chini, kamba juu, na kijiti cha kuipotoa kamba hadi bamba liimbe ukiligusa. Kamba iwe ya aina isiyovutika. Bamba likikazwa namna hiyo halihitaji unene wala mgongo, linakata ulimi wa kitanda bila taabu. Mafundi wa Ulaya bara waliunga samani zao kwa misumeno ya fremu kwa karne nyingi, hivyo msione aibu mkiwa nayo.

Sasa tupa. Hapa ndipo ninapotaka msikilize kuliko mahali pote.

Nunua tupa ya pembe tatu, mpya, nyembamba. Kwa meno 12 hadi 14, urefu wa inchi 5 au 6 na iwe ile nyembamba zaidi. Tupa nene kona zake ni za mviringo zaidi, inachimba bonde pana kati ya meno na kuyafanya mafupi. Usinunue ya mtumba. Tupa ikishaliwa haina thamani. Itie mpini hata wa gunzi la muhindi, usishike mkia wake mtupu. Isugue chaki kabla ya kuanza, unga wa chuma usigande ndani yake.

Bana msumeno kati ya mbao mbili zilizonyooka, meno yatokeze kidogo tu juu, robo inchi au pungufu. Yakitokeza zaidi, bamba litatetemeka na tupa italia. Ukisikia inalia, teremsha msumeno. Kwanza pitisha tupa bapa juu ya ncha zote, mkono mwepesi, kutoka mwanzo hadi mwisho, mpaka kila jino lipate doa dogo linalong'aa. Doa hilo ndilo litakuongoza. Jino lenye doa kubwa lilikuwa refu kuliko wenzake, lenye doa dogo lilikuwa fupi. Sasa weka tupa ya pembe tatu kwenye bonde la kwanza, ielekee pembe mraba na bamba, uso wa mbele wa jino ukae karibu wima. Sukuma. Inyanyue unaporudi, usiiburute. Sukuma tena. Tazama doa. Linapotoweka tu, acha papo hapo na uhamie bonde linalofuata. Pigo moja la ziada na jino hilo litakuwa fupi, halitafanya kazi. Mwanga uwe upande wako. Mkiwa watulivu, msumeno wa inchi 12 mnaumaliza kabla chai haijapoa sana, na kazi hiyo hairudiwi mpaka mmeshaunga samani nyingi.

Mtaona kwamba hapo nimekugeuzieni msumeno wa kukata kuwa wa kupasua bila fedha. Mlionunua wa kukata, mradi meno yake si ya kuchomwa, mnaweza kuubadilisha kwa tupa hiyo hiyo. Mara ya kwanza itachukua mapigo mengi zaidi kwa kila bonde. Ndiyo tofauti yenyewe.

Baada ya kunoa huja kupinda meno, moja kulia moja kushoto, ili njia iwe pana kidogo kuliko bamba. Si kila kunoa kunahitaji kupinda. Mara nyingi pindo la zamani linafaa bado. Koleo la kupindia meno lipo, na mkiweza kuchanga watano mkanunua moja la kutumia pamoja, ni fedha iliyokwenda mahali pake. Pindeni nusu ya juu ya jino peke yake. Jino lililopindwa upande mmoja msilirudishe upande wa pili, litakatika. Na msizidishe: kwa mbao kavu, upana wa njia usifike mara moja na nusu ya unene wa bamba. Mbao za msonobari zinazotoka shamba la miti la Sao Hill, Iringa, zikifika hapa zikiwa bado na maji, hizo zinataka pindo kubwa kidogo, nyuzi zake hurudi na kulibana bamba.

Kuna jaribio la mafundi wa zamani ninalolipenda. Ushike msumeno ulionolewa meno juu, mpini ukiwa juu kidogo, uweke sindano ya kushonea juu ya meno karibu na mpini. Meno yakiwa yamepindwa sawa pande zote mbili, kuna mfereji katikati, na sindano itateleza humo hadi nchani bila kuanguka. Ikiangukia mahali, hapo pana jino lililolala vibaya.

Kisha kata. Chora mstari kwenye kipande cha mbao, kata ukiufuata bila kulazimisha. Msumeno ukivutwa kulia kila mara, meno ya kulia yamepindwa zaidi. Laza bamba juu ya meza, pitisha jiwe laini la kunolea mara moja tu upande wa kulia, ujaribu tena. Mara moja, ujaribu. Mwenye haraka akipitisha mara nne atalazimika kuanza kupinda upya.

Kuhusu fedha, nimeulizwa niseme nani anunue nini kwanza. Tupa ya pembe tatu kwanza. Kisha msumeno wa mgongo wa mtumba. Kisha, kabla ya msumeno mwingine wowote, guni la kuaminika na kisu cha kuchorea, maana mstari mbaya hauokolewi na msumeno mzuri. Ule wa meno meusi wa kukatia mbao ndefu unaweza kuuazima mwanzoni. Fedha ikibaki, ongeza tupa ya pili.

Na hewa yetu hii ya chumvi, jamani. Msumeno ulioachwa wazi usiku mmoja wakati wa masika unaamka na rangi ya kahawia. Ukimaliza kazi, ufute unga wote, kwa sababu unga wa mbao unanyonya maji na kuyabandika kwenye feleji. Upake mafuta ya cherehani kwa kitambaa, tone moja linatosha bamba zima. Usiuvingirishe kwenye mfuko wa plastiki. Mfuko unafungia unyevu ndani. Meno uyavike mpira wa maji uliochanwa urefuni, yasigongane na patasi ndani ya sanduku. Wakati wa kazi, bamba likishika, lisugue mshumaa pande mbili na litapita.

Mwalimu wenu ameniruhusu kutumia karakana baada ya swala ya adhuhuri. Nimekuja na tupa, mbao za kubania zipo tayari kwenye jiriwa nne, na vipande vya mninga vya kujaribia viko chini ya dirisha. Kila mmoja alete msumeno alio nao au alioupata nyumbani, hata uwe na kutu, tuukague kwa pamoja, na unaokubali tupa tuunoe leo leo.